Nywele zimekatwa vibaya saluni, nifanye staili gani isiyo na usumbufu?

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana kichwa hakitamaniki. Nywele zangu ni natural, kipilipili kabisa, nikaenda saluni kupunguza ncha tu, dada akazivuta kwa draya zikanyooka ndo akakata, pale kwenye kioo zikaonekana safi. Nimefika home nimeziosha zikajikunja, Mungu wangu, kushoto zimegotea sikioni kulia zinafika shingoni, na kisogoni kuna kibonde kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Kumrudia hapana, akigusa tena nabaki kipara.

Sasa mimi natoka Kimara alfajiri kugombania mwendokasi, sina muda wa kuchana na kupaka vitu, na wigi kwa joto hili la Dar siliwezi kichwa kinawasha balaa. Rasta nazipenda ila huo upande mfupi haushikiki, msusi atavuta mpaka nywele za mbele zing'oke, shangazi yangu zilimtoka hivyohivyo na hazikurudi. Na nywele zinakua kama sentimita moja tu kwa mwezi, kwa hiyo kusubiri zilingane labda mwakani huko.

Nawaza ninyoe zote kwa kinyozi niwe napaka mafuta ya nazi naondoka, au nianze dredi kabisa. Wenye dredi, mlianza na urefu gani na kuritachi ni kila baada ya muda gani? Mlionyoa je, kinyozi mnaenda mara ngapi? Picha siweki jamani, mtanicheka.