Anayeshauri superglue kwa soli ya kiatu aanze na cha kwake!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kwa fujo.

Moka yangu nyeusi, ngozi kabisa, mtumba wa Karume, iliachama soli mbele mguu wa kulia. Si sana, kidole kimoja kinaingia. Kila niliyemuonyesha jibu lilikuwa lile lile: "Hiyo si unapiga tu superglue?" Jirani, superglue. Shemeji, superglue. Mlinzi wa kazini, superglue. Muuza duka ndiye aliyenimaliza. Alinitolea katyubu kadogo, akageuza pakiti, nyuma kuna mchoro wa kiatu. "Si unakiona mwenyewe hicho hapo?" Buku moja. Nikanunua mbili.

Nikapaka, nikakandamiza, dakika haikuisha kimeshika. Nikajisifu. Asubuhi nakuta ngozi ya pembeni imefanya ukungu mweupe kama imepuliziwa unga, napiga kiwi haufichiki. Sawa, nikavaa hivyo hivyo. Siku ya tatu niko kituo cha mwendokasi Kivukoni, nakimbilia basi, nikasikia "ta!" kama kijiti kimevunjika. Kiatu kinacheka mbele za watu.

Ile gundi ikikauka inakuwa kama kioo. Sasa kiatu kila hatua kinajikunja pale pale chini ya vidole, kioo kitajikunjaje? Mpaka historia yake nimeisoma kwa hasira: Harry Coover na wenzake wa Kodak, Marekani, waliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, wakaiweka kando kwa sababu inang'ang'ania kila inachogusa. Kila inachogusa kasoro soli yangu.

Na bado sijasema la pamba. Tone lilinidondokea kidoleni, nikanyakua pamba nifute haraka. Jamani, pamba ikafuka moshi! Niliruka kama nimekanyaga kaa la moto. Kumbe vitu hivi viwili vikikutana vinachemka, na mtu anaweza kuungua kweli. Lengelenge ninalo hadi leo. Ile iliyobaki imegandia ngozi ilitoka kwa dawa ya wife ya kutolea rangi ya kucha. Kwenye pakiti wamechora kiatu, kikombe na mdoli. Pamba hawakuichora.

Nikasema basi, ninunue gundi ya mafundi, ile ya njano ya kopo yenye harufu ya kupasua kichwa, ambayo watoto wa mitaani wanaivuta. Maandishi yote ya Kichina. Muuza duka nikamuuliza inapakwaje, akasema "unapaka tu, unabandika". Nikapaka nzito upande mmoja, nikabandika hapo hapo. Soli ikawa inateleza kama kandambili kwenye tope. Nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, siku mbili nzima. Kuifungua, ndani bado kamasi.

Ndipo nikampelekea mzee mmoja anayeshona viatu karibu na kwangu. Alikibinua, akanitazama, akasema: "Umeifungia ikiwa mbichi, ingepumulia wapi?" Halafu akaanza kukwangua superglue kwa ncha ya kisu, chembe moja moja, karibu nusu saa, anasonya. Maana gundi mpya ikipakwa juu ya ile ya zamani inashika gundi, haishiki kiatu. Akapiga msasa pande zote mbili mpaka mng'ao ukaisha, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye tina. Akapaka nyembamba kwenye soli NA kwenye kiatu, akaviweka mbalimbali, akaendelea na kazi ya mteja mwingine. Dakika kumi, kumi na tano hivi. Akagusa kwa mgongo wa kidole, haikumchafua. Hapo ndipo akabandika, mara moja tu, maana zikishagusana husogezi tena. Kisha nyundo, kutoka katikati kwenda pembeni. Mwisho akapiga uzi wa nailoni pale mbele, akaniambia nisikivae mpaka kesho yake.

Elfu tano. Nadhani elfu mbili ilikuwa faini ya superglue.

Sasa nauliza: hayo maelezo ya mistari minne yanashindikanaje kuandikwa kwa Kiswahili kwenye kopo linalouzwa Kariakoo? "Paka pande zote mbili, subiri ikauke kidogo, bandika, gonga." Mnaingiza makontena kwa makontena, karatasi ya kibandiko ndiyo inawashinda?

Kilichonichosha kabisa ni raba za bro wangu, zilikaa kabatini miaka bila kuvaliwa. Kazitoa, soli inamung'unyuka kama mkate uliochacha. Nikabeba zile chenga mkononi mpaka dukani, jamaa akaziangalia kabisa, akasema "chukua hii, hii ni kali zaidi". Mzee yeye alikataa hela. Soli za aina hiyo, za poliyurethani, unyevu wa hewa unazila taratibu hata zikiwa ndani ya boksi, na kwa joto la Dar ndiyo usiseme. Hakuna gundi hapo, utabandika unga kwenye unga. Ni kubadilisha soli nzima au kutupa.

Na wewe mkuu unayejiandaa kuniambia ninunue vipya, sijauliza bei ya viatu.

Nilichobakiza ni sandozi za mama, zile zenye soli ya mpira laini unaong'aa. Gundi ya njano imebanduka mara mbili pamoja na msasa na kusubiri kote huko. Aliyewahi kubandika soli ya namna hiyo aniambie alitumia nini, na ameitembelea miezi mingapi. Anayetaka kuandika "superglue" apite kimya kimya.