Dawa ya kupe ya mbwa imempata paka

Mfugaji, Njombe: Habari zenu wanajukwaa. Jirani amempaka paka wake dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini, na sasa anatetemeka na kutokwa udenda, ilhali mbwa aliyepakwa dawa hiyohiyo ni mzima. Kwa nini?

Daktari wa mifugo: Ampeleke kwa daktari sasa hivi, asisubiri kesho. Permethrini huzuia milango ya sodiamu katika mishipa ya fahamu isijifunge, hivyo mishipa hiyo husisimka mfululizo hadi mdudu anapooza na kufa. Ini la mbwa, kama la binadamu, huivunja sumu hiyo upesi; la paka lina upungufu wa vimeng'enya vya kazi hiyo, kwa hiyo sumu hukaa mwilini na kuleta degedege. Ikiwa degedege haijaanza, aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha akaushwe na kufunikwa vizuri, maana baridi huzidisha madhara. Asitapishwe.

Mkulima wa pareto: Naongeza kwamba dawa hizi, zilizotengenezwa kwa kuigiza sumu iliyomo katika maua ya pareto tunayolima huku, huua samaki hata zikiwa kidogo mno. Tafadhali maji hayo yasimwagwe mtoni.