Somo la kuchunguza binadamu, lakini ukiuliza swali unakatwa alama!

Wakuu, nimevumilia mihula miwili, leo natema nyongo.

Sosholojia na saikolojia nilizichagua mwenyewe nilipoingia sekondari ya juu. Nilitaka kujua kwa nini watu wakiwa kundi hufanya mambo ambayo mmoja mmoja wasingethubutu. Nilichokuta ni kukaririshwa tu. Wundt, Leipzig, 1879, maabara ya kwanza ya saikolojia. Comte, baba wa sosholojia. Pavlov, mbwa, udenda. Huyo Wundt alikuwa anatafuta nini humo maabarani? Usiulize, haiji kwenye mtihani.

Sasa sikieni hili. Mtihani wa muhula: "Chora piramidi ya Maslow" (ile ya ngazi za mahitaji ya binadamu). Nikaichora vizuri, nikaongeza sentensi moja chini kwamba kwenye makala yake ya 1943 Maslow mwenyewe hakuchora piramidi yoyote, umbo hilo lilikuja baadaye. Nimekatwa alama mbili! Pembeni kwa wino mwekundu: "Andika ulichofundishwa." Na wiki hiyohiyo ndiyo tulimsoma Milgram, jinsi kwenye jaribio lake watu 26 kati ya 40 walivyobonyeza swichi za kumpiga mwenzao umeme hadi volti 450 (umeme wenyewe ulikuwa wa uongo, hawakujua) kwa sababu tu bwana wa maabara aliwaambia waendelee. Nilicheka peke yangu darasani mpaka jirani akanikanyaga mguu.

Jela ya kuigiza ya mwanasaikolojia Zimbardo ya 1971 nayo tunaisoma kama msahafu: wape vijana sare na virungu, watageuka wakatili wenyewe. Wenyewe wapi? Kuna kanda ya sauti ambamo mlinzi mmoja anabembelezwa awe mkali zaidi. Nilipoitaja niliambiwa nisipoteze muda wa wenzangu.

Halafu masomo mawili yamebanwa kwenye kipindi kimoja, na maana zake zimeandikwa ubaoni karibu neno kwa neno: "taaluma inayochunguza tabia za binadamu." Sasa tofauti iko wapi? Mbona mwanasosholojia Durkheim anatosha kuionyesha! Mwaka 1897 alilichukua jambo la siri kuliko yote, mtu kujiua, akaacha kuuliza huyu alikuwa na nini moyoni. Akauliza kwa nini kiwango cha jamii moja hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na kwa nini kwa Waprotestanti kilikuwa juu kuliko kwa Wakatoliki. Moyo wa mtu mmoja, mwachie mwanasaikolojia. Dakika kumi tu, darasa zima lingeelewa. Sisi Durkheim tunaye kama jina na mwaka wa kuzaliwa.

Mwalimu simlaumu sana, yeye ni wa historia, kabandikwa kipindi na anasoma notsi za mtu mwingine. Ila alama zangu nazitaka. Mliopitia huko nisaidieni: rufaa inakatwa kwa nani, ikiwa aliyesahihisha ndiye huyohuyo mkuu wa idara?