Bimkubwa anaongea kama kalewa na anatembea kwa kushika ukuta, naombeni ushauri

Mtoto wa Muheza:
Habari za jioni wakuu. Mama yangu ana miaka 74, yuko Muheza na dada, mimi niko Mbagala. Presha anayo na dawa anameza, ila si mtu wa kulala kitandani. Mwaka jana alikuwa anatoka alfajiri na tenga lake la machungwa kwenda stendi.

Sasa kama wiki tano hivi ulimi umekuwa mzito. Tulidhani ni meno. Akitaka kusema "sufuria" anasita, mwisho anasema "kile cha kupikia". Kuna siku yuko sawa kabisa, kesho yake ukimsikia kwenye simu utasema kapiga mataputapu. Juzi nimeenda kujionea. Ndala ya mguu wa kulia inamvuka, hana habari, anaendelea na mguu mtupu. Ukuta wa korido tuliupaka chokaa kabla ya Ramadhani. Leo una mstari mweusi wa kiganja kutoka chumbani kwake hadi mlango wa uani. Nilipouona huo mstari nilitoka nje nikajifanya naongea na simu.

Zahanati wamesema ni uzee, wakaongeza dozi ya presha. Hivi uzee unaingia kwa wiki tano?

Dakika ya 90:
Pole mkuu. Hicho ni kiharusi, baba mdogo alianza hivyohivyo. Mazoezi na kupunguza chumvi.

Kijiti cha Mkoma:
Usidharau mambo ya kwetu. Hapo kuna mkono wa mtu. Njoo PM nikuelekeze kwa mzee mmoja.

Mtoto wa Muheza:
Ahsante, ila dada alishampeleka. Kachanjwa chale na jogoo katoka. Jogoo kaliwa, mama bado anayumba.

Nesi wa Zamu:
Mleta mada, mimi siwezi kumpima mtu kwa simu, ila nina maswali. Kiharusi kwa kawaida huja ghafla, mtu anakwambia hata saa. Cha mama kinakuja polepole, leo nafuu kesho vibaya. Je, anaumwa kichwa? Anasinzia mchana? Na kubwa kuliko yote: alianguka au kujigonga kichwa miezi miwili mitatu iliyopita, hata kidogo?

Nauliza kwa sababu ubongo wa mzee unasinyaa, ile mishipa midogo inayouunganisha na utando wake inavutika. Kigongo kidogo tu kinaweza kuuchana mmoja. Damu inachuruzika taratibu, wiki kadhaa baadaye imejaa na kuukandamiza ubongo. Kwa nje unaona ulimi mzito na mguu unaoburuta, watu wanasema uzee. Wodini nimewaona wa namna hiyo, ndiyo maana sipendi kabisa hilo neno uzee kwenye cheti.

Pia kusanya dawa ZOTE anazomeza, na za dukani, tia kwenye mfuko uende nazo. Zipo dawa zinazomfanya mtu ayumbe na kukokoteza maneno. Upungufu wa vitamini B12 nao unaharibu mwendo.

Mtoto wa Muheza:
Nimempigia dada, kasema mama hajaanguka. Mjukuu wa miaka minane akadakia nyuma: "Bibi alijigonga kwenye kizingiti cha jikoni siku ya kufuturu, akaniambia nisimwambie mama." Dada kanyamaza. Kichwa kinamuuma asubuhi, na kusinzia ndiyo usiseme. Halafu kwenye mfuko kuna aspirini ya dozi ndogo, ile wanayoiita junia, anameza kila siku tangu alipoambiwa na jirani kwamba inalinda moyo.

Nesi wa Zamu:
Aspirini inaifanya damu iwe ngumu kuganda. Mwambie daktari hilo kabla ya lolote. Anahitaji picha ya kichwa, kipimo cha CT, na msingoje Jumatatu. Mtu mmoja akae naye usiku. Akitapika, akipata degedege au akawa haamki vizuri, hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo. Kama mnakuja Dar, MOI pale Muhimbili ndiko kwenye wapasuaji wa ubongo.

Dakika ya 90:
Nafuta kauli yangu ya mazoezi 🙏

Mtoto wa Muheza:
Wakuu, samahani kwa kimya. Picha ilionyesha damu imevia upande wa kushoto, ndiyo maana mguu wa kulia. Wametoboa fuvu matundu mawili, wakaitoa. Mguu bado mzito kidogo. Jana kaniuliza sufuria yake kubwa kaazimwa nani. Kaitamka yote.

Nesi wa Zamu:
Alhamdulillah. Tarehe ya kliniki msiikose, damu huweza kuvia tena. Na hicho kizingiti kivunjeni.