Ulimi wa Nasra: gumzo la ukoo

Jumatatu usiku

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa. Nasra katimiza wiki 5 leo. Tangu juzi ulimi mweupe kama tui, na ndani ya mashavu kuna madoa meupe. Akishika ziwa ananyonya kidogo, anaachia, analia.

Bibi: Marahaba mjukuu wangu. Hayo maziwa yameganda. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya chumvi umsugue taratibu, halafu umpake asali kidogo. Wote humu nimewalea hivyo.

Mama mdogo Asha: Wangu nilimsugua akatoka damu. Mpaka leo nikikumbuka kile kilio roho inaniuma.

Shangazi Zuhura: Shikamoo mama. Nimetoka zamu sasa hivi. Nakuomba sana, Nasra asisuguliwe, na asali asionjeshwe kabisa mpaka atimize mwaka. Asali huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga halina nguvu ya kuvizuia. Vinatoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Bibi: Asali hiyohiyo? Hilo sikulijua mwanangu. Basi asipewe.

Shangazi Zuhura: Ahsante mama. Mama Nasra, ulijaribu kuufuta huo weupe?

Mama Nasra: Kwa kidole chenye maji ya uvuguvugu. Haukutoka.

Shangazi Zuhura: Maziwa yangetoka, na hukaa ulimini tu. Huu unaong'ang'ania mpaka mashavuni ni fangasi. Ukiubandua unakuta pekundu, panavuja damu kama alivyoona Asha. Asubuhi mpeleke kliniki wamwangalie.

Mama Nasra: Shangazi niambie ukweli. Ni uchafu wangu? Mama mkwe kaniuliza kama naosha maziwa.

Shangazi Zuhura: Hapana mwanangu, ondoa hilo moyoni. Fangasi huyu, kandida, anaishi kwenye vinywa vya wengi wetu humu bila kutudhuru, kwa sababu kinga na bakteria wengine wanambana. Nasra kinga yake bado changa. Na wewe ulijifungua kwa upasuaji, ukapewa antibayotiki. Dawa hizo huua na wale bakteria wema, fangasi akapata nafasi. Mwonyeshe mama mkwe ujumbe huu.

Shangazi Zuhura: Wanaume mtanisamehe, naliuliza hapahapa. Chuchu zinakuuma?

Mama Nasra: Zinawaka. Akimaliza kunyonya ndiyo maumivu yanapenya ndani. Nilidhani ndivyo kunyonyesha kulivyo.

Shangazi Zuhura: Waambie kliniki na hilo. Ikiwa fangasi iko kwako pia, mnatibiwa wote wawili siku zilezile, la sivyo mtarudishiana. Usimwachishe ziwa.

Jumanne

Mama Nasra: Ni fangasi kweli. Tumepewa matone ya nistatini, mililita 1 mara 4 kwa siku, na mimi krimu. Ila anayatema! Jirani ana jeli ya fangasi ya mdomoni iliyobaki kwa mwanawe, anasema inakaa vizuri zaidi.

Shangazi Zuhura: Jeli hiyo hapana. Ni nzito, na mtoto wa chini ya miezi 4 inaweza kumziba koo. Endelea na matone: tikisa chupa, subiri amalize kunyonya, kisha nusu shavu hili, nusu shavu lile, kidogokidogo. Dawa hii inafanya kazi pale inapogusa, kwa hiyo akinyonya mara tu baada ya dawa umeiosha yote. Nyonyo yake ya plastiki ichemshe kila siku.

Mjomba Hamisi: Zuhura, nami kinywa changu kiko hivyohivyo, wiki ya tatu. Nikimeza tonge linakwaruza kifuani. Nigawiwe hayo matone?

Shangazi Zuhura: Kaka, matone hayatakufaa. Ukiumia kumeza, huenda imeshashuka kwenye umio, na hiyo inataka dawa ya kumeza. Mtu mzima haoti fangasi mdomoni hivihivi. Unatumia dawa ya pumu ya kuvuta?

Mjomba Hamisi: Sina pumu. Ila kiu ya usiku imenizidi, na suruali zinanivuka.

Shangazi Zuhura: Kiu hiyo na kukonda ni dalili za kisukari, nacho humpa fangasi nafasi. Kesho asubuhi nenda ukapime sukari. Na VVU pia upime kaka yangu, ni kipimo kama kingine, na dawa zipo. Nakupigia sasa.

Jumapili

Mama Nasra: Ulimi umerudi mwekundu! Jana kanyonya mpaka kalala. Niache dawa?

Shangazi Zuhura: Alhamdulillah. Usiache leo. Weupe ukiisha unaongeza siku 2 kamili, na krimu yako vilevile.

Mjomba Hamisi: VVU sina. Sukari 19, iko juu mno. Wamenianzishia dawa, na vidonge vya fangasi.

Bibi: Hamisi, kuanzia leo chai yako bila sukari. Nakuja kwako kesho, na chakula nitapika mimi.