Mzigo wa uthibitisho: nani atangulie?

Mdadisi: Wakuu, kila mjadala wa Mungu unakwama palepale: "thibitisha yupo", "wewe thibitisha hayupo". Mzigo ni wa nani?

Kalamu Kavu: Wa anayedai, mkuu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, ndivyo isemavyo. Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell mwaka 1952 aliwaza birika la chai linalozunguka Jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo hata darubini hailioni. Kushindwa kulikanusha hakunilazimu kukubali kwamba lipo.

Bint Juma: Sawa, ila chungeni kauli. "Sijashawishika" haina mzigo. "Mungu hayupo" ni dai, lina mzigo wake: lete hoja, mathalani tatizo la uovu: Mungu mwema na mweza wa yote angeruhusuje uovu? Wengi huanza na hiyo ya pili, wakibanwa wanarudi kwenye ya kwanza. Ujanja huo!

Mzee wa Hoja: Hata fikihi, sheria ya Kiislamu, inasema hivyo: bayana (ushahidi) kwa mdai, kiapo kwa anayekana. Kwanza kubalianeni, Mungu yupi? Muumba tu, au anayejibu dua? Dai la dua walau linapimika. Mwaka 2006 Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo: kuombewa na watu baki hakukupunguza matatizo. Muumba asiyeingilia kitu humpimi hivyo, hapo ni falsafa tupu.