Funksheni moja ya tarehe ikubali SQLite, MySQL na PostgreSQL, inawezekana?

kodi_za_usiku:
Wakuu habari za saa hizi. Nina mfumo wa mauzo ya duka, kwenye laptop databesi naendesha SQLite, mteja wa kwanza yuko MySQL, sasa kapatikana wa pili na kijana wao wa IT anataka PostgreSQL tu, hataki kusikia kingine. Vyote vinahama vizuri kasoro tarehe. SQLite ni strftime('%d/%m/%Y %H:%M', muda), fomati inatangulia, MySQL ni DATE_FORMAT(muda, '%d/%m/%Y %H:%i'), fomati inafuata, Postgres nako to_char(muda, 'DD/MM/YYYY HH24:MI'). Ripoti ni nyingi, nikiandika kila kwari (ombi la kuchota data) mara tatu nitazeeka. Nawaza nitunge funksheni yangu inayopokea fomati ya kina MySQL halafu ndani igeuze herufi kulingana na databesi. Kuna aliyewahi?

mzee_wa_kwari:
Mkuu hiyo ya kugeuza herufi achana nayo. %M kwa SQLite ni dakika, kwa MySQL ni jina la mwezi, sehemu moja ikikuponyoka risiti inatoka 14:March. Hiyo afadhali, mteja atapiga simu siku hiyohiyo. Balaa ni Postgres, ukiandika HH24:MM inakuwekea namba ya mwezi kwenye dakika, kwa hiyo mwezi wa tatu wote mauzo yanasoma 09:03, 11:03, 16:03 na hakuna anayeshtuka maana inaonekana saa kabisa.

dada_bekendi:
Mie sielewi kwa nini databesi ndo ipambe tarehe. Toa muda kama ulivyo, programu ndo ipambe.

kodi_za_usiku:
Dada ni kweli ila mhasibu wao anachota ripoti kwenye viu (kwari iliyohifadhiwa kwenye databesi kwa jina) moja kwa moja anazitupia Excel, kwenye programu yangu hapiti kabisa.

mzee_wa_kwari:
Basi funksheni isipokee fomati. Ipe jina la kazi yake, tarehe_fupi(muda), saa_dakika(muda), mwezi_mwaka(muda), duka zima fomati zake hazizidi tano. Kila databesi iwe na faili lake la kuziunda, ndani MySQL iite DATE_FORMAT, Postgres iite to_char, kwari zako hazijui na hazitaki kujua. Angalia haya: Postgres unda mbili kwa jina lilelile, moja ya timestamp (tarehe na saa tupu) na moja ya timestamptz (inayozingatia ukanda wa saa), la sivyo ukiipa timestamptz itakwambia funksheni haipo na wewe unaiona ipo hapo. MySQL andika DETERMINISTIC (yaani ingizo lilelile, jibu lilelile), maana seva ikiwa na binlog, ile logi ya mabadiliko ya data, itakutupia era 1418. SQLite haina CREATE FUNCTION, unaisajili kwenye kodi, Python ni conn.create_function, na inaishi kwenye koneksheni hiyo tu, viu inayoitumia ukiifungua kwa zana nyingine inagoma.

dada_bekendi:
Na ziishie kwenye SELECT jamani. Mtu anaandika WHERE tarehe_fupi(muda) = '05/03/2024' halafu analalamika seva nzito, indeksi ya muda haiguswi hapo, inapitia mstari kwa mstari. Andika muda >= '2024-03-05' AND muda < '2024-03-06', zote tatu zinaelewa, ila SQLite haina aina ya tarehe kwa hiyo hifadhi maandishi yanayoanza na mwaka. ORDER BY nako usiipeleke huko, 01/12 itatangulia 02/01.

pwani_dev:
Hamjagusa UTC, saa ya kimataifa. CURRENT_TIMESTAMP ya SQLite ni UTC, NOW() ya MySQL inafuata saa za koneksheni. Sisi tuko mbele masaa matatu, duka likiuza saa sita na nusu usiku SQLite inaandika 21:30 ya jana, hesabu za siku hazikai. Amua moja, hifadhi UTC kote, hayo masaa matatu uyaongeze ndani ya hizo tarehe_fupi, na mipaka ya WHERE ya dada uirudishe nyuma masaa matatu. Majina ya miezi, Postgres ina TMMonth, ukiweka lc_time (lugha ya tarehe) ya sw_TZ na seva iwe nayo unapata Kiswahili, ila mie naandika CASE ya miezi 12 yaishe. Kuna mteja alitaka risiti ya saa za Kiswahili, hapo hakuna fomati itakayokuokoa, ni (saa + 6) % 12, sifuri iwe 12, halafu ubandike alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

kodi_za_usiku:
Hiyo ya mwisho nimeipenda naiongeza, saa_kiswahili(muda). Alfajiri mliianzisha saa ngapi?

pwani_dev:
Mteja aliamua saa kumi. Wako atakwambia nyingine, iweke kwenye tebo ya mipangilio usiichomekee ndani. Ila ikishaanza kusoma tebo, kwa MySQL hiyo toa DETERMINISTIC uandike READS SQL DATA.